Udongo Shingoni

Simu iliita saa tano usiku, Jumamosi. Aliyepiga hakuanza na salamu, nikajua pana jambo.

"Dada, kidani chako kinatoka damu."

Alikuwa kwenye sendofu ya mdogo wake, katika ukumbi mmoja hapa Dodoma mjini. Amevaa gauni la rangi ya maziwa alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo, na shingoni kidani changu: vishina kumi na kimoja vya pamba iliyoviringwa, vimesimama bega kwa bega, vimeshonwa kwa mkono na kupakwa udongo mwekundu wa Kondoa. Katika picha za mwanzo wa sherehe alikuwa amependeza kweli. Kisha mshereheshaji akaita ndugu walete zawadi, na kwetu zawadi haipelekwi kwa kutembea, inapelekwa kwa kucheza. Nyimbo tatu mfululizo. Jasho likashuka, udongo ukalifuata. Picha aliyonitumia baadaye ilionyesha duara jekundu limezunguka shingo ya gauni, na michirizi mitatu imeteremka kifuani kama vijito vinavyotafuta korongo.

Mungu anisamehe: jambo la kwanza nililowaza ni kwamba ile michirizi ilikuwa mizuri.

La pili lilikuwa fidia. Gauni lilimgharimu Sh 120,000 pamoja na ufundi. Kidani nilikuwa nimemuuzia Sh 45,000. Nililipa lote, kwa awamu mbili, na gauni lililoharibika nikaliomba. Akanipa kwenye mfuko wa kaki bila kunitazama usoni. Hiyo ilikuwa 2021.

Mimi hutengeneza mapambo ya nguo. Zamani nikisema hivyo watu walidhani nauza lesi na vifungo vya kushonea magauni, kwa hiyo siku hizi nafafanua: ni vidani, hereni, bangili na bruchi (zile pini za kifuani) kama za sonara, ila pahali pa madini pana pamba, katani, kamba ya mbuyu, vipande vya khanga na kaniki kuukuu. Vitambaa vingi navipata kwa mafundi cherehani wa Majengo. Jioni wanapofagia chini ya mashine, kuna vipande visivyofika hata upana wa kiganja, ambavyo kwao ni takataka na kwangu ni mtaji. Nalipa kwa soda na maongezi. Fundi mmoja mzee huniwekea kaniki peke yake, kwenye mfuko wa pembeni, kwa sababu aliwahi kuniona nainusa. (Kaniki ina harufu yake. Asiyeijua simwelezi.)

Nilianza na maua, kama kila mtu. Maua ya kitenge ya kubandika kichwani, ya kufungia kilemba, ya kuweka kwenye begi. Yaliuzika vizuri na yalinichosha vibaya. Siku moja nimekaa kwenye daladala inayopanda Miyuji, mwezi wa tisa, vumbi limefunga dirisha, nikatazama nje kisha nikatazama mfuko wangu uliojaa mawaridi ya zambarau. Nikajiuliza haya maua yameota wapi. Dodoma mvua huanza karibu na Desemba na kukoma Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 500 au 600. Miezi mingine yote ni rangi za udongo: wekundu, kijivu cha mawe, njano ya nyasi zilizokufa zimesimama, na weusi wa mbuga ukipasuka vigae. Rangi hizo hakuna aliyekuwa akizivaa shingoni. Tulikuwa tunazifua.

Mbuyu ndio ulionifundisha umbo. Watu hupenda kuuliza umri wa mbuyu, na jibu la kijijini ni kwamba ulikuwepo babu alipozaliwa, basi. Kuhesabu pete za mti kama wafanyavyo wakata mbao hakusaidii sana kwa mbuyu, kwa kuwa mikubwa huwa na shimo katikati na pete zake si za kuaminika. Adrian Patrut, mtafiti kutoka Romania, na wenzake walipima umri wa mibuyu ya Afrika kwa njia ya kaboni, na katika kupima wakagundua jambo lililonikosesha usingizi: mibuyu mingi mikubwa si shina moja lililooza katikati. Ni mashina kadhaa yaliyoota kwa duara, yakanenepa, yakashikana, yakazunguka nafasi ambayo haikuwahi kuwa mti hata siku moja. Ndiyo maana ukiingia ndani ya baadhi yake unakuta ukuta una gome. Kikundi hichohicho ndicho kilichotangaza mwaka 2018 kwamba mibuyu mingi mikongwe zaidi kusini mwa Afrika imekufa au kuanguka ndani ya miaka kama kumi na miwili.

Basi mti huu wenyewe ni kidani. Umejishona kuzunguka uwazi. Tangu niliposoma hayo sijatengeneza tena kidani cha mnyororo au cha kamba moja yenye kitu kinachoning'inia. Naviringa vishina vya pamba, navisimamisha kwa duara, naviunga kwa uzi upande wa ndani, na uwazi wa katikati anaujaza mvaaji kwa shingo yake. Kiini cha kila kishina ni kamba ya gome la mbuyu, ile inayobanduliwa, ikapondwa, ikalowekwa na kusokotwa pajani. Mbuyu ukibanduliwa kwa adabu gome hurudi, ila alama hairudi ndani. Tazama mibuyu ya pembeni mwa barabara ya kwenda Mvumi: kiunoni ina makunyanzi ya kila mtu aliyewahi kuhitaji kamba.

Umbo nilikuwa nalo. Kilichonishinda ni udongo.

Mama yangu ni Mrangi, na bibi bado anaishi kijijini, upande wa Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa. Aliyefika huko anajua makorongo yake. Unatembea shambani kwa amani, mara ardhi inakatika mbele ya miguu yako na chini kuna ukuta wa udongo wenye urefu wa nyumba. Juu kabisa mizizi imening'inia hewani. Chini yake mkanda wa kahawia, chini yake wekundu mnene, tena mkanda wa changarawe, tena wekundu mwingine uliopauka. Nikiwa mtoto nilidhani ardhi imechorwa. Bibi alinionya nisikae ukingoni, akaongeza kwamba ule mkanda wa juu uliokosekana ulikuwa shamba la mihogo la shemeji yake.

Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka sana. Ukimuuliza bibi kuhusu mwaka huo hatoi hotuba. "Nyasi zilirudi," husema. "Maziwa yakaondoka." Halafu anarudi kwenye kupeta mtama wake. Nimemuuliza mara nyingi, kwa njia tofauti, nikidhani iko siku atachagua upande mmoja. Hajachagua.

Mara ya kwanza nilipobeba udongo kwenda nao Dodoma, ndoo ya lita kumi yenye mfuniko, alinitazama nikiifunga kwenye pikipiki akauliza: "Kwani huko mjini wamemaliza wao?"

Upo, nilimwambia, lakini huu ndio ule wa kwenye mapango. Maana vilima vya pale Kolo vina michoro ya kale chini ya miamba: watu wembamba wenye nywele za ajabu, twiga, tembo, mingi kwa rangi nyekundu, na juu yake mingine ya baadaye kwa rangi nyeupe. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Wekundu wake ni wa mawe na udongo wenye chuma kilichoshika kutu, jamaa wa huu ninaoukanyaga nikienda kwa bibi. Nilijiambia: kama umekaa kwenye mwamba miaka yote hiyo, utashindwaje kukaa kwenye pamba miaka miwili?

Hoja nzuri, ila nilisahau kwamba waliochora hawakuuvaa mwamba wakaenda nao kucheza. Na hata pale Kolo, ukiangalia vizuri, michoro imesalia palipo na paa la jiwe. Pale maji yanapopenya na kuchirizika, watu wale wamefutika kuanzia kiunoni.

Kosa langu lilikuwa la jikoni. Nilikuwa nimezoea kutia rangi kwa maganda ya vitunguu: unachemsha maganda, unachuja, unatia pamba uliyokwisha kuiloweka kwenye maji ya shabu, inatoka na njano kama ya alizeti za Singida. Rangi ya kitunguu inayeyuka kwenye maji, inaingia mpaka ndani ya uzi, na shabu inaishika huko. Nikafanya vivyo hivyo na udongo. Nikachemsha, nikatia shabu, pamba ikatoka nyekundu, nikashangilia. Lakini udongo hauyeyuki. Ni chembechembe zimekaa katikati ya nyuzi kama vumbi kwenye pazia, na jasho la nyimbo tatu linatosha kuzitoa.

Kitu kinachokaa juu ya uzi kinataka gundi, na gundi isiyoukausha uzi ukawa kama ubao inatoka kwenye vyakula vya kujenga mwili, vile vya somo la sayansi kimu: soya, yai, maziwa. Wajapani wametumia maji ya soya kushikisha rangi za udongo na masizi kwenye kitambaa kwa muda mrefu sana. Nilianza na soya. Kisha, kwa sababu ambazo nadhani umeshazihisi, nikajaribu maziwa ya ng'ombe.

Inakwenda hivi. Udongo nauloweka, naukoroga, nauacha utulie kidogo kisha namimina juu juu ile tope nyembamba kwenye ndoo nyingine, mchanga unabaki chini. Narudia mara nne. Kinachopatikana mwisho ni laini kama krimu ya uso. Pamba naichovya kwenye maziwa yaliyotolewa mafuta na kuongezwa maji, naianika, nairudia mara tatu, halafu naiacha wiki nzima ishikane. Ndipo napaka udongo uliochanganywa na maziwa hayohayo, kwa brashi, tabaka jembamba, jua, tabaka jingine, jua. Si tabaka moja nene, nene linapasuka. Baada ya hapo hakuna maji kwa mwezi mmoja. Jua la Dodoma ambalo kila mtu analilaani linafanya kazi hii vizuri kwa sababu maziwa yanakauka kabla hayajachacha. Karibu kila mara. Mwaka jana mwezi wa pili, wakati wa mvua, nilipoteza vishina ishirini kwa harufu ambayo mpaka paka wa jirani aliikataa.

Nilipompigia bibi kumweleza kwamba sasa udongo wake naunywesha maziwa, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza ni lita ngapi, na huko mjini lita ni shilingi ngapi.

Hata sasa udongo unapungua. Kila kidani nakisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, kisha nakivaa mwenyewe wiki mbili, nakwenda nacho sokoni Sabasaba, napanda nacho daladala. Kikitoka hapo bila aibu ndipo kinauzwa. Lakini namwambia mteja waziwazi kwamba kingo zitapauka, na kwamba pale kidole chako kinapozoea kugusa ukiwa unawaza, patang'aa kama jiwe la mlangoni. Wapo wanaofurahi kusikia hivyo. Wengi wanauliza swali jingine.

Swali lenyewe ni hili: "Sasa hii ukikwama, unaipeleka wapi?"

Ni swali la haki, na silidharau. Dhahabu kwetu ni urembo na ni benki. Mama mwenye bangili mbili ana ada ya mwaka mzima mkononi, na sonara haulizi kama rangi imepauka, anaweka kwenye mizani. Kidani changu ukikiweka kwenye mizani hakifiki hata robo kilo, na robo kilo ya udongo haina bei. Huko Ulaya wasanii wa mapambo wamegombana na dhahabu kwa miaka mingi. Otto Künzli, mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1980 alitengeneza bangili ya mpira mweusi yenye tufe la dhahabu limefichwa ndani, akaiita "Dhahabu inapofusha"; unaona kauvimbe tu, inabidi uamini. Naipenda sana kazi ile, lakini ni utani wa mtu aliyeishiba dhahabu. Mteja wangu wa Nkuhungu hahitaji kuambiwa dhahabu inapofusha. Anahitaji ada ya Januari.

Kwa hiyo mimi humjibu kwa hongo.

Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa Ugogo. Kabla ya kufika, ilivuka nyika isiyo na maji magharibi ya Mpwapwa, ambayo wasafiri waliiandika Marenga Mkali. Wakiingia Ugogo wana kiu, na visima vina wenyewe. Ukitaka kunywa na kupita, unatoa hongo kwa mtemi. (Neno hilo limeshuka cheo sana tangu wakati ule, na kwa mji wenye Bunge naliacha hapo.) Hongo ilitolewa kwa nguo na shanga: merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyochukua jina la nchi ilikotoka, kaniki, nguo za mistari. Nguo ilikuwa na viwango kama noti. Shuka ni mikono minne, doti ni shuka mbili. Stanley alipopita 1871 alilalamika mno jinsi bunda zake zilivyopungua katika nchi hii.

Yaani pale ulipo, mama, namwambia mteja, kitambaa kilikuwa fedha, na watu wenye maji ndio waliopanga bei. Leo ukienda dukani bado unaomba doti ya khanga, na hujui kwamba unataja sarafu.

Anacheka. Mara nyingine ananunua. Mara nyingi anaomba nimpunguzie, ambayo nayo ni mila ya hongo.

Kupauka ndiko kulikonipa kazi ninayoipenda kuliko zote, na haikutokana na ufundi wowote. Januari 2022 nilikata ukanda mrefu kutoka kwenye mji wa khanga nyekundu, nikaubandika kwenye dirisha linalotazama magharibi na kuufunika wote kwa boksi. Kila tarehe mosi nilivuta boksi upana wa vidole viwili. Kipande kilichofunuliwa mwanzo kilipigwa jua mwaka mzima, cha mwisho mwezi mmoja. Nilitegemea ngazi kumi na mbili zilizo sawa, kutoka wekundu mpaka waridi. Haikuwa hivyo. Khanga ilipoteza rangi kwa pupa mwanzoni kisha ikashikilia kilichobaki kama mtu aliyeshtuka. Vipande vinne vya mwanzo huwezi kuvitofautisha, na kati ya Novemba na Desemba pana mruko kama wa mchana na usiku. Na tarehe mosi ya Agosti nilisafiri kwenda msibani, nikachelewa siku tisa, na siku hizo tisa zinaonekana. Nimezihesabu kwa jicho. Ukanda huo niliukunja kama feni na kuufanya kidani cha kulalia begani, kinachoanza na jua na kuishia na boksi. Niliyempelekea kumwonyesha kwanza ni yule fundi mzee wa Majengo. Aliushika pale pa Agosti, bila kuambiwa, akauliza hapa ulikuwa wapi.

Kuna nyingine siuzi. Nyuma ya nyumba ninayopanga Miyuji kuna kilima cha mawe. Tangu 2017, kila wiki ya kwanza ya Novemba kabla mvua haijaja, nasimama kwenye jiwe lilelile na kuchora mstari wa kilima, kisha naushona kwenye bruchi ya urefu wa kidole cha shahada. Bruchi ya kwanza ina uzi wa kahawia na kijivu tu, na nukta chache za kijani kwa minyaa. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka mmoja nyuma kwamba inahamia, na 2018 Dodoma ikawa jiji. Kwenye bruchi ya 2019 kuna mshono mmoja wa buluu: bati. Ya 2020 ina sita. Kuanzia hapo nililazimika kununua uzi wa poliesta unaong'aa, kwa sababu pamba haikuweza kusema bati la rangi lililopakwa jua la saa kumi. Ya 2023 ndiyo ninayoitazama zaidi, kwani mwaka huo mabati hayakuongezeka sana. Mstari wenyewe ndio ulioshuka. Upande wa kulia walikuwa wanapasua mawe ya ujenzi, na kilima kikapungua urefu wa mshono mmoja na nusu.

Lile gauni la maziwa lilikaa kwenye mfuko wake wa kaki karibu miaka mitatu. Nililifua mara moja, kwa majaribio, na udongo uliokataa kukaa kwenye pamba yangu ukakataa kutoka kwenye kitambaa cha gauni, sijui kwa nini. Mwishowe nilikata shingo yake yote, duara zima pamoja na ile michirizi mitatu, nikaiwekea kiini cha kamba ya mbuyu ili isimame, nikatarizi ukingo wa kila mchirizi kwa uzi wa rangi ileile ili usiendelee kutembea. Sikupaka chochote. Nikaitundika ukutani pale ninapofanyia kazi, juu ya mashine.

Mwaka jana mwenye gauni alikuja. Alikuwa amemleta rafiki yake kuangalia hereni, yeye mwenyewe akabaki mlangoni kama mtu asiye na haja. Nilimwamkia, akaitikia. Macho yake yakazunguka ukuta, yakafika pale juu ya mashine, yakasimama.

"Hiyo shingo ni yangu."

Nikamwambia ndiyo.

Aliomba nimshushie. Akaigeuza, akatazama mishono ya ndani, akapitisha ukucha kwenye mchirizi mrefu kuliko yote, ule wa kushoto. Akaenda nayo kwenye kioo, akaivaa juu ya blauzi ya kazini. Rafiki yake akaacha hereni akageuka.

"Bei gani?"

Nilikuwa sijaipangia bei. Nikasema 60,000, kisha nikaongeza kwamba gauni nilishamlipa, asije akadhani nimesahau.

"Gauni ulinilipa," alisema, bado anajitazama. "Jasho hukunilipa."

Nikatafuta gazeti la kumfungia.